Majaketi Yaliyovikwa Upya

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja ambaye watu walimwita Mama Pindo, kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka. Kampuni ya kivuko ilimpa kazi ya kuyavika majaketi mia mbili ya kujiokolea vitambaa vipya vya rangi ya chungwa, kwa sababu mkaguzi angekuja Ijumaa. Yaliletwa kwa toroli, yakarundikwa chumbani mpaka kabati likawa halifunguki.

Alifumua la kwanza. Sponji ya ndani ilikuwa imeoza, nyeusi. Alipoifinya, maji machafu yalimtiririkia hadi kiwikoni. La pili lilikuwa limegeuka unga. La tatu halikuwa na sponji kabisa. Mtu alikuwa ameshindilia magunia. Alifumua kumi na mawili, na mazima yalikuwa mawili.

Akampigia meneja simu.

"Bosi, haya ni ya kutupa. Yameoza ndani."

"Mama, nimekupa kazi ya kushona au ya ukaguzi?"

"Lakini mtu akitumbukia na hili..."

"Miaka kumi na moja hakuna aliyetumbukia. Funika, gonga muhuri, basi."

Muhuri wenyewe ulikuwa kwenye mfuko wa vitambaa. Uliandikwa LIMEKAGULIWA. Mkaguzi hata hajafika!

Jioni wifi yake alipita kupumzisha miguu. Alikuwa mkunga, akivuka maji kila asubuhi kwenda kazini.

"Mbona umenuna? Kaka yangu kakuudhi tena? Sema nikamvute masikio."

Mama Pindo hakucheka. Alimshika mkono, akampeleka kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, akatumbukiza jaketi. Likazama mpaka chini bila kusitasita.

Wifi aliinama kulitazama. "Leo asubuhi mawimbi yalikuwa makubwa," akasema taratibu. "Nikawa naangalia majaketi kama haya juu ya kichwa changu, najiambia, angalau yapo."

Hapo hasira zikampanda Mama Pindo. Watu wanasafiri na watoto mgongoni, halafu mtu amekaa kwenye kiti cha kuzunguka anaagiza muhuri!

Kesho yake walikwenda wote wawili gatini, foleni ikiwa imejaa. Mama Pindo akainua jaketi juu.

"Jamani, hili ndilo mnalotegemea!" Akalirusha majini. Likazama. La pili nalo likazama.

Meneja alishuka ngazi mbio, tai begani. "Unaharibu mali ya kampuni!"

"Nimeharibu nini? Si la kuokoa watu? Ngoja, litaibuka tu."

Watu wakaangua kicheko, lakini hakikudumu. Baba mmoja mwenye mtoto mchanga aliuliza, "Na yaliyomo chomboni?" Baharia akaingia, akatoka na matano, akayatupa majini. Lililoelea lilikuwa moja tu.

Foleni ikarudi nyuma yenyewe. Meneja akapiga kelele kwamba kivuko kitaondoka hata kikiwa kitupu. Nahodha, mzee asiyependa maneno, akavua kofia na kushuka.

"Utakiendesha wewe," akamwambia.

Kivuko kilisimama wiki tatu, mpaka majaketi mapya yalipoletwa. Mkaguzi, alipoulizwa kuhusu kaguzi za miaka iliyopita, alijitetea kwamba kazi yake ilikuwa kuyahesabu, si kuyafumua. Meneja alihamishiwa makao makuu, kwenye ofisi kubwa zaidi. Mama Pindo yeye alipata barua: asikanyage tena gatini kwa kazi yoyote ya kampuni.

"Basi, wifi, yaache," mkunga alimsihi. "Majaketi si yameletwa?"

"Yameletwa. Aliyeagiza muhuri je?"

Tangu hapo kila Jumatatu anafunga cherehani, anakwenda ofisi ya usafiri wa majini kuuliza malalamiko yake dhidi ya meneja yamefikia wapi. Karani wa mapokezi humwambia faili linashughulikiwa. Yeye huvuta kiti na kukaa.

"Endeleeni kulishughulikia," husema. "Mimi nipo hapa."