Pua ya Gavana Thorvald

"Usiburute miguu, kundi la kwanza la asubuhi litatuacha," Myrna alisema, akimvuta dada yake mkono.

Oleta hakuwa akiburuta miguu. Alikuwa akizionja ngazi. Kwa miaka ishirini na saba alifanya usafi katika jengo hili kongwe la serikali ya jimbo, akiingilia mlango wa chini, kando ya mapipa ya taka. Ijumaa alistaafu. Leo Jumatatu amevaa viatu vya kanisani, na kwa mara ya kwanza anaingilia mlango wa mbele, kama mgeni.

Ndani, chini ya kuba, kijana mtembeza wageni aitwaye Corwin aliwasimamisha pamoja na kundi la wanafunzi mbele ya sanamu ya kichwa cha Gavana Thorvald, ya shaba iliyogeuka nyeusi.

"Kwenye majengo kama haya watu husugua pua ya sanamu wapate bahati," alisema, "mpaka pua inang'aa. Huyu wetu husuguliwa kutwa, na kila asubuhi pua ni nyeusi tena. Wanasema mzee alikuwa mchoyo hata wa bahati."

Watoto walicheka. Oleta alihisi masikio yakiwaka moto. Miaka yote ile, kila jioni aliliona doa la njano puani, akadhani ni uharibifu wa mikono michafu, akalipaka nta nyeusi hadi likafanana na uso mzima. Hakuna kazi aliyoionea fahari kama hiyo.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini msichana mmoja wa mbele alikuwa ameinua mkono kuigusa pua, kisha akaushusha.

"Basi haina maana," alinong'ona. "Na mimi nina mtihani kesho."

"Si mchoyo," Oleta alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nasafisha hapa. Nilidhani mnamchafua."

Myrna akaangua kicheko hadi akashika nguzo. "Miaka yote hiyo unawafutia watu bahati yao? Ndiyo maana sijawahi kushinda mchezo wa bingo kanisani."

Corwin naye alikuwa akijifuta machozi ya kicheko. "Basi anza wewe, mama."

Mikono ya Oleta haikuwahi kumgusa gavana bila glavu za mpira. Shaba ilikuwa baridi. Alisugua kwa kidole gumba, akasugua tena, na nta ikamganda chini ya ukucha. Kwenye ncha ya pua pakachomoza rangi ya njano, ndogo kama punje ya hindi.

Akasogea kando. Nyuma yake foleni ilishapangwa, na yule msichana alikuwa akikunja mkono wa sweta.