Fuvu Lenye Mwanya

Fuvu gani hilo linalocheka? Ndivyo walivyouliza watu wa Kariakoo, na mie siwalaumu. Ignasi, mchora vibao wa karakana ya Harilal, alitakiwa kutisha watu, basi. Kila sanduku la umeme lilikuwa na kibao chake: HATARI, VOLTI 400, na fuvu juu ya mifupa miwili, ili hata asiyejua kusoma akae mbali. Naye mafuvu yake yote aliyatia mwanya katikati ya meno ya mbele. Mwanya, jamani! Urembo wa mwanamke, kwenye kichwa cha maiti.

Mwanya huo ulikuwa wa Severa, mpenzi wake. Miaka mitatu nyuma baba yake alikuja kumchukua, akamrudisha Masasi kumuuguza mama yake. Siku ya kuagana Ignasi alilia, Severa akamcheka. "Nyamaza, bwana wee. Nitarudi. Hata nikirudi mifupa mitupu, utanijua kwa mwanya."

Tangu hapo nyumba ya mtaa wa Gerezani walikoishi ilibomolewa, na barua Severa hajui kusoma. Akirudi, atampata wapi? Ndipo Ignasi akamwachia mwanya wake kila kona, kutoka Mchikichini hadi sokoni.

Asubuhi moja Harilal akamwita. "Fundi, mkaguzi wa umeme kakasirika. Watoto wanakenulia fuvu lako meno. Ziba mianya yote leo, au tafuta kazi nyingine."

Angefanyaje? Kibarua ndicho kilichomweka mjini. Akabeba kopo la rangi nyeupe, akaanzia Mchikichini, akaziba mwanya mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ukamchoma roho. Alasiri akafika sanduku la mwisho, ubavuni mwa soko, anapokaangia vitumbua Bi Zamzam.

"Wee Ignasi, mmepishana, wewe huku, yeye upande wa pili wa soko!" Zamzam akamwambia. "Kuna mwanamke kapita sasa hivi, kifurushi kichwani. Kasimama hapo, kalicheka fuvu lako peke yake, na meno yake ndiyo hayo hayo! Kaulizia mchoraji. Nikamwambia katoka na kopo tangu asubuhi, afuate vibao atamkuta."

Vibao vyote anavyovifuata Severa vimezibwa mwanya, rangi bado mbichi. Ataona kafutwa leo leo, kwa mkono ule ule. Atasema, basi, amenikinai.

"Nipe masizi, niurudishe mwanya!" Ignasi akasema. Akayakomba kwa kidole gumba chini ya kikaango, kikamuunguza, hata hakujali. Akakimbia, kopo kaliacha, watu wakimtukana njia nzima.

Kwenye sanduku la kwanza la njia aliyojia akainua kidole chake cheusi, kikabaki hewani. Rangi mbichi ilikuwa imekwanguliwa kwa ukucha, pale pale katikati ya meno mawili.

Akakimbilia la pili. Nalo limekwanguliwa.

"Severa!" akaita, na mtaa mzima ukageuka. "Severa wee, nisubiri!"