Fahali Aliyegeuza Mkia

Mimi Edah, mtangazaji wa mchezo wa fahali hapa Shinyalu, nina sauti kubwa na hasira zangu ziko karibu. Lakini kwa miaka mitatu nilikuwa mwoga, na heri niseme mapema.

Chrispinus tulimchagua wenyewe kuwa mwenyekiti wa kamati. Mwaka wa kwanza akamleta mpwa wake awe mwamuzi. Tukasema, si kitu, kijana ajaribu. Mwaka wa pili akakataza watu kupiga video uwanjani, eti fahali wanashtuka. Nikaitangaza amri hiyo mimi mwenyewe. Fahali asiyeshtushwa na ngoma za isukuti atashtushwa na simu? Kisha akaahirisha uchaguzi. Mzee Phineas alipouliza sababu, fahali wake akafutwa kwenye orodha msimu mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tuliutazama ufa tukanyamaza, kila mtu akichunga nafasi ya fahali wake.

Jumamosi iliyopita uchaguzi ulikuwa ufanyike baada ya mchezo. Asubuhi Chrispinus akasimama mbele ya watu.

"Phineas nimemsamehe. Fahali yake itapigana na yangu. Yangu ikishinda, kura ni ya nini? Mtakuwa mmeona mwenye nguvu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, na kicheko hicho bado kinaniuma.

Fahali wakakutana, pembe kwa pembe, vumbi likatimka. Mara fahali wa mwenyekiti akageuza mkia, akapasua umati, akatokomea kwenye mashamba ya chai. Kwetu hilo halina ubishi: anayegeuza mkia ameshindwa.

Mwamuzi akatazama viatu vyake. Chrispinus akanijia.

"Edah, tangaza yangu imeshinda. Sema imeenda kunywa maji."

"Mwenyekiti, watu wameona."

"Watu huonanga ile wameambiwa. Ama tutafute mtangazaji mwingine?"

Kazi hii aliifanya marehemu baba kabla yangu, na sina nyingine ninayoipenda hivyo. Nikainua kipaza sauti.

"Fahali wa mwenyekiti amekimbia! Mshindi ni wa Phineas!"

Isukuti zikalia. Desturi yetu ni kumsindikiza mshindi kwa ngoma hadi kwake, na hakuna anayempigia ngoma aliyekimbia. Wapigaji wakamfuata fahali wa Phineas, wanawake wakafuata kwa vigelegele, uwanja mzima ukahama. Hata mpwa wa Chrispinus nilimwona akicheza mabega.

Tulipofika kwa Phineas, Immaculate, mwekahazina wetu aliyekuwa akigombea kiti cha Chrispinus, akapaza sauti. "Si tuko wote? Tupige kura hapa hapa. Lakini mwenyekiti aitwe, jina lake liandikwe."

Chrispinus akaja, amenuna. Wanachama tukaandika karatasi, tukazikunja, tukazitia kwenye sufuria ya obusuma, ugali wetu, iliyooshwa vizuri. Nikapewa kazi ya kusoma matokeo.

"Immaculate, tisini na nne!"

Watu wakaruka. Mtu akapiga kelele, "Za huyo mwingine usisome! Nani anazitaka?" Wengi wakaitikia.

Hapo hasira zikanipanda, nikawakemea mpaka wakatulia. Kisha nikasoma kwa sauti ileile, "Chrispinus, kumi na moja."