Suruali Kumi na Mbili Chini ya Taa ya Nyanya

Mjomba wangu, fundi cherehani, alikuwa na sifa moja ambayo mteja aliisikia hata kabla ya kukaribishwa kiti: kwa miaka thelathini hakuwahi kukosea rangi. Ukimletea kifungo kimoja cha koti kuukuu, hukitazama mara moja, akatia mkono kwenye kopo na kumtoa ndugu yake. "Cherehani anayo kila mtu," alipenda kusema. "Macho ndiyo adimu." Aliyasema hayo kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, ambako fundi mwenzake alikuwa amefungua duka lenye mashine tatu za umeme na kibao kikubwa kuliko mlango.

Kwa hiyo kiongozi wa kwaya ya wauguzi alipolipita duka la ng'ambo, akavuka barabara na kumwagiza Mjomba suruali kumi na mbili nyeusi za mashindano ya Jumamosi, Mjomba aliuweka sawa utepe wake shingoni kama mtu anayevishwa nishani.

"Fundi," alisema mama yule, ambaye waimbaji wake walimwita Mama Kijiti kwa ajili ya ufito aliouongozea nyimbo, "mwaka jana tulinyimwa alama za mavazi kwa sababu ya suruali moja ya kahawia. Moja tu! Mwaka huu nataka nyeusi, na zote zifanane kama zimezaliwa siku moja. Ukiniangusha, navuka barabara na sirudi."

"Mama, umefika kwa mwenye macho."

Nami nilikuwa pale pale, nimepiga magoti kwenye kona ya karakana, nikikaza skrubu za taa juu ya rafu ya nyanya.

Rafu hiyo ilikuwa utafiti wangu wa mwaka wa mwisho katika shule ya kilimo: vikopo ishirini na vinne vya miche, mbali na dirisha, vikiishi kwa taa peke yake. Niliamini, na bado naamini kwa moyo wangu wote, kwamba familia isiyo na hata hatua moja ya ardhi inaweza kula mboga iliyokua chumbani mwake. Bwenini walinikatalia, Mjomba alinikubalia, kwa sharti kwamba nyanya ya kwanza iwe yake. Taa yenyewe ilikuwa na vijitaa vidogo vidogo, vyekundu na vya bluu, ambavyo mwanga wao ukichanganyika chumba kizima kilikuwa cha zambarau. Kwenye soketi nilichomeka kidude cha kupimia saa: kiliwasha taa saa kumi alfajiri na kuizima saa kumi na mbili jioni, bila kuambiwa. Kilikuwa na betri yake ndogo, kwa hiyo hakikusahau saa hata kikichomolewa ukutani. Nilikisifu kupita kiasi.

"Kwa nini nyekundu na bluu?" aliuliza Bibi, mama yake Mjomba, ambaye kazi yake pale ilikuwa kushona vifungo na kupinda mapindo kwa mkono. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, lakini sindano aliitia uzi kwa kuipapasa.

"Kwa sababu jani hutumia zaidi nyekundu na bluu, Bibi. Kijani hukitumia kwa uchache, na sehemu yake huirudisha. Hicho kinachorudi ndicho tunachokiona."

"Kumbe tunaona makombo yao."

"Kwa namna fulani, Bibi."

"Basi zina maringo, hizi nyanya zako."

Mjomba alicheka hadi akadondosha pini. "Profesa," aliniambia, "ziulize nyanya zako kama na vitambaa zinachagua!"

Tulicheka sote. Laiti mmoja wetu angelichukulia swali lile kwa uzito.

Jumatatu mvua ilianza na haikutaka kuondoka. Mlango wa karakana ulifungwa ili maji yasirukie vitambaa, na dirisha letu, ambalo ni dogo kama bahasha, lilileta ukijivu tu. Jumanne balbu ya Mjomba ilitoa mlio mdogo, ikafa.

"Nikanunue nyingine, Mjomba?"

"Kwenye mvua hii? Ya nini? Mwanga si huu hapa umejaa tele. Nyanya hazisomi gazeti, zitanigawia kidogo."

Alisogeza meza ya kukatia hadi chini ya rafu, akachukua jora lililosimama kwenye kona na kuanza kukata. Kwenye kona hiyo yalisimama majora mawili: moja jeusi, la kwaya, jingine la kijani kibichi kilichokolea, la sare za walinzi wa soko. Yalikuwa ya unene mmoja, na yaliegemeana kama ndugu wawili wanaosubiri daktari.

Sina budi kueleza sehemu yangu katika jambo hili. Jumanne hiyo hiyo, saa nane mchana, niliandika katika daftari la utafiti: "Chini ya taa, majani yanaonekana meusi. Sababu: taa haina kijani cha kurudishwa." Niliipigia mstari sentensi hiyo kwa rula. Kisha nikafunga daftari na kumpisha Mjomba apite, amebeba jora begani.

Aliyeshuku alikuwa Bibi. Alhamisi alikuwa na suruali mbili mapajani, akizipapasa.

"Mwanangu, hiki kitambaa kinateleza. Kile kinakwaruza."

"Mama, ni jora moja."

"Majora mawili."

"Mama, kwa macho yako hayo..."

"Nimetaja macho mimi? Nimesema vidole."

Mjomba alizinyanyua suruali zote mbili karibu na taa, akazigeuza, akaziweka chini kwa heshima ya mtu anayemaliza mjadala. "Nyeusi na nyeusi. Profesa, wewe mwenye macho ya ujana, unaona nini?"

Nikatazama. "Nyeusi na nyeusi, Mjomba."

"Haya," alisema Bibi, akarudi kwenye pindo lake. "Msomi na fundi wamesema. Mie nani?"

Jumamosi asubuhi mvua ilikatika, jua likatoka kana kwamba limeitwa. Mjomba alifungua mlango na kuzitundika suruali kumi na mbili kwenye kamba ya nje, zinyooke kabla ya kupigwa pasi. Nilipotoka, nilimkuta amesimama mbele ya kamba, mikono kichwani.

Nne zilikuwa nyeusi. Tatu zilikuwa kijani, kijani kisicho na aibu. Tano zilizosalia zilikuwa mseto: huku mguu mmoja mweusi na mwingine wa kijani, kule zipu nyeusi katikati ya konde la mpunga. Mojawapo ilikuwa nyeusi mbele na kijani nyuma, hata mvaaji wake angekuja akiwa muuguzi na kuondoka akiwa mlinzi wa soko.

"Nimerogwa," alisema Mjomba.

"Hapana, Mjomba. Ni urefu wa mawimbi ya mwanga."

"Ndio hao hao walioniroga!"

Nilimweleza pale pale: taa yangu haina kijani, kitambaa cha kijani hakina cha kurudisha, kwa hiyo jicho huona giza. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja. "Ulikuwa unalijua hili?"

"Tangu Jumanne, Mjomba. Lakini nililijua kuhusu majani."

Bibi alitokeza mlangoni. "Kinachoteleza ni kipi?"

"Cha kijani, Mama," alisema Mjomba kwa sauti ndogo.

"Asante."

Kitambaa cheusi kilichobaki hakikutosha hata suruali tatu, na mashindano yalikuwa saa tisa alasiri. Ng'ambo ya barabara, fundi mwenzetu alitoka kufagia kizingiti ambacho tayari kilikuwa safi. Mjomba alianua nguo zote kwa mkupuo mmoja, akarudi ndani, akafunga mlango. Chini ya taa, suruali zote zikawa nyeusi tena, nzuri kabisa, zimezaliwa siku moja.

Hapo akanitazama. Nami nikamtazama. Wazo lilitufikia kwa pamoja.

"Ukumbi una mapazia mazito," alisema taratibu. "Taa yako ikiwekwa jukwaani..."

"Inawezekana kisayansi. Lakini Mama Kijiti lazima aambiwe kwanza."

"Profesa! Huu si wakati wa maadili!"

"Ndio wenyewe, Mjomba. Hatutamficha mteja."

Mama Kijiti alipokuja kuchukua mzigo, nilimweleza kila kitu, pamoja na sehemu ya urefu wa mawimbi, ambayo pengine haikuhitajika. Alitoka na suruali moja juani, akarudi nayo ndani. Akatoka tena. Akarudi. Ufito ulikuwa ukipigapiga paja lake.

"Fundi, si uliniambia una macho?"

"Ninayo, mama. Yalikosa mwanga."

"Binti, chini ya taa hiyo suruali zote zitakuwa nyeusi?"

"Zote, mama."

"Na watu?"

"Watu watakuwa zambarau. Mashati meupe yatang'aa kwa waridi kali."

Alifumba macho kwa muda, nadhani akiwapaka rangi wauguzi wake mmoja mmoja. "Sawa," alisema. "Kwa zambarau sijawahi kukatwa alama."

Taa ilikuwa imekazwa kwenye rafu kwa skrubu kumi na sita, nane zikiwa zimekwisha kula kutu kwa unyevu. Hazikufunguka. Basi ikabebwa rafu nzima, pamoja na nyanya, zikiwa zimefunikwa kwa shuka, na wanakwaya sita walizishusha ukumbini kama wanaomleta mgonjwa mahututi.

Kwaya yetu ilikuwa ya tisa. Tulitarajia kuimba saa kumi na nusu. Lakini kwaya ya nne iliomba kurudia wimbo, mgeni rasmi alichelewa na kutaka kuhutubia, na spika zikanguruma hadi zikatafutiwa fundi. Tulipoitwa, mapazia yalifungwa, taa za ukumbi zikazimwa, nami nikachomeka taa yangu pamoja na kile kidude cha kupimia saa, bila kukitazama.

Ukumbi mzima ulisema "Aaa!"

Kweli walipendeza. Wanaume kumi na wawili, nyuso za zambarau, mashati ya waridi, suruali nyeusi pasi na dosari, wamepangwa nusu duara kuizunguka rafu ya nyanya. Wimbo wao ulihusu kunawa mikono, lakini waliuimba kama habari ya kuokoka. Mjomba, aliyekaa kando yangu, aliacha kutafuna ncha ya utepe wake. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Waliingia wa tatu, wenye sauti nne zinazopandana, na kwenye kimya kifupi kabla ya kiitikio nikasikia mlio mdogo ninaoujua kuliko sauti ya mama yangu.

*Tk.*

Saa kumi na mbili kamili.

Giza likaangukia kwaya. Mhudumu wa ukumbi, mtu mwema na mwepesi, akawasha taa zote za darini.

Sikumbuki aliyecheka kwanza. Nakumbuka miguu: myeusi, ya kijani, myeusi, ya kijani. Nakumbuka yule wa nyeusi mbele, ambaye kwa hofu aligeuka kutafuta mlango, na ukumbi ukapiga ukelele. Mjomba alijikunja hadi paji likagusa goti. Mama Kijiti peke yake hakutikisika. Ufito ulipanda, ukashuka, na waimbaji kumi na wawili, kwa kumwogopa yeye kuliko aibu, wakaingia kwenye kiitikio kwa nguvu ambayo sijapata kuisikia tena. Walipomaliza, watu walikuwa wamesimama.

Mwamuzi wa mavazi, bwana mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani, alipanda jukwaani. "Kubadilisha rangi ya nguo katikati ya wimbo!" alisema. "Na mimea ikiwa shahidi! Kitambaa hicho kimetoka wapi? Fundi ni nani?"

Mama Kijiti alielekeza ufito kwa Mjomba. Mjomba akasimama. Nilimwona fundi wa ng'ambo katika safu ya nyuma, shingo imerefuka. Nilimwona Mjomba akivuta pumzi, na nikajua neno moja tu, "siri", lingeliokoa jina lake.

"Mheshimiwa," alisema, "hakuna ufundi hapo. Nilishonea chini ya taa ya nyanya, nikachanganya kijani na nyeusi. Nimekosea rangi. Ni mara ya kwanza katika miaka thelathini, na nimezikosea nane kwa mpigo. Mama yangu aliniambia, sikumsikia."

Mwamuzi akatabasamu na kumpigapiga begani. "Sawa, sawa, fundi. Mwenye ufundi hatoboi siri yake." Akaandika alama tisa juu ya kumi. Mjomba alimfuata hadi mlangoni akimsihi aamini, na kadiri alivyosihi ndivyo yule bwana alivyozidi kumkonyeza.

Nyanya zilirudi salama, ila moja iliyokanyagwa na mwimbaji wa sauti ya besi. Wiki iliyofuata Mjomba aliweka sheria mpya: hakuna kitambaa kinachokatwa kabla hakijatolewa juani, kisha kupita mikononi mwa Bibi, ambaye sasa ana kiti chenye mto karibu na mlango na huwakawiza wateja makusudi.

Jumatano jioni dirisha la ng'ambo ya barabara liliwaka zambarau. Mle ndani fundi mwenzetu alikuwa ameinamia mashine, na kando yake, juu ya kigoda, kopo moja lenye mche wa nyanya.

Mjomba alitazama kwa dakika nzima. Akacheka. Akaacha kucheka. Kisha akamshika Bibi mkono, wakavuka barabara polepole kwenda kumpapasia fundi mwenzake vitambaa.