Siku Bi Mkubwa Alipopimwa

Mwalimu alifika kazini asubuhi hiyo kajifunga kibwebwe. Mwanafunzi wake, msichana asiyesema neno, ambaye shule nzima walimpachika jina la Bi Mkubwa kwa kuwa hakimbizwi na mtu, alikuwa anapimwa maendeleo. Akionekana amepiga hatua, anapanda darasa la juu. Asipopanda, nafasi yake anapewa mtoto mwingine, naye anarudi kukaa nyumbani. Mama yake alikuwa nje kwenye benchi, mkoba kaupakata, hana raha.

Mtathmini, bwana mpole mwenye miwani, alipanga mezani picha ambazo watoto wa darasa lile la wasiosema huombea vitu, kwa kumpa mtu picha ya wanachotaka.

"Nipe kikombe."

Bi Mkubwa akampa picha ya kikombe. Kijiko, akampa. Kiatu, akampa. Kichwa cha Mwalimu kikaanza kuvimba.

"Mwalimu, hebu geukia ukutani," mtathmini akasema.

"Kulikoni tena?"

"Anafuata macho yako. Unaitazama picha kabla yeye hajaigusa."

Mwalimu alitaka kubisha. Ila ilikuwa kweli. Mwaka mzima alikuwa akimfundisha mtoto wa watu kumsoma yeye usoni, na wala hakujua. Aliona aibu, akajikasirikia. Lakini si mtu wa kukata tamaa. Akageuka.

"Nipe kikombe."

Kimya.

"Nipe kikombe, mwanangu."

Shingo ilimwasha Mwalimu kwa hamu ya kugeuka. Akauma meno.

"Naona tuishie hapa," mtathmini akasema.

"Ngoja. Huyu hakimbizwi."

Kiti kikakwaruza sakafu. Hatua zikaenda, polepole kama kawaida yake.

"Amekosea," mtathmini akasema. "Nimeomba kikombe, amenipa picha ya mlango."

"Hajakosea, kaka yangu!" Mwalimu aliuambia ukuta. "Wewe unataka kikombe, yeye anataka kutoka. Nani kamwonyesha hiyo picha? Macho yangu si haya hapa? Mfungulie."

"Lakini hatujamaliza."

"Leo kasema la kwake. Tukijifanya viziwi, kesho atasema ili iweje? Mfungulie, nakwambia!"

Mtathmini aliitazama picha aliyoishika, akamtazama mtoto aliyekwisha kwenda kusimama mlangoni, anangoja jibu. Akaenda, akafungua. Bi Mkubwa akatoka kwa mwendo wake, bila kumuaga mtu.

"Vikombe bado," mtathmini akasema, akichukua kalamu. "Ila anapanda."

"Vikombe niachie mimi. Nitamfundisha nikiwa nimegeukia ukuta, hata ikibidi mwaka mzima."

Mwalimu alipotoka, mama mtu alikuwa ameshasimama, mkono mmoja begani kwa bintiye.

"Vipi, Mwalimu? Kafaulu?"

"Kapanda, dada. Tena kaongea."

"Kaongea? Kasema nini?"

"Kasema ametuchoka."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akarudi kukaa kwenye benchi, machozi yanamtiririka.