Mbao za Nyumba ya Iyamide

Wenye midomo walisema nyumba ya Iyamide Thorpe ni banda la kuku lililopandishwa juu ya mawe. Waongo wakubwa. Ilikuwa nyumba ya mbao, ndogo kweli, aliyoijenga babu wa babu yake, seremala tu, enzi za Malkia Viktoria. Nayo ilikuwa bado imesimama hapo Freetown wakati za wakubwa zimeshaanguka.

Ubaya ni kwamba haikuwa yake peke yake. Nyumba ya ukoo ni ya ukoo. Binamu yake Bankole alikuwa amempata mnunuzi, mtu wa kubomoa na kupandisha ghorofa, na ndugu wote wakaridhia. Iyamide, mjane, aliyezaliwa humo humo, alilia mpaka wakampa sharti moja: watu wa mambo ya kale wakiiandika kuwa urithi wa nchi, haiuzwi. Wakikataa, afungashe.

Akaenda ofisini kwao. Akapokewa na binti mmoja, Isatu Kargbo, ambaye alipoonyeshwa picha nusura aruke. Nyumba za matajiri wameandika nyingi, akamweleza, ila za maseremala na wafua nguo ndizo zimekwisha, na hii ina mbao zake zilezile. Angekuja mwenyewe kuikagua mwisho wa mwezi.

"Ila mama, usijisumbue kwa lolote," akasema. "Nataka niikute ilivyo."

Jamani, nani kwetu hayajui maneno hayo? Mgeni akikwambia usijisumbue, wewe chinja kuku. Ukimsikiliza, utasemwa mpaka kanisani.

Iyamide akarudi akaitazama nyumba yake kwa macho ya mgeni, akaona haya. Mbao zimepauka, madirisha yamelegea. Akauza cherehani yake, akaita mafundi. Wakang'oa mbao zote, wakainua kuta za matofali ya saruji, wakapiga lipu na rangi nyeupe, wakatia madirisha ya vioo. Hata Bankole, bingwa wa kejeli, alipopita alisimama akaipapasa lipu.

Siku ya mgeni akaona apike na awujoh, karamu ya kuwalisha marehemu, maana nyumba ni yao na wao ndio wa kushukuriwa. Ndugu wakajaa uani. Kuni hakununua. Mbao kuukuu zilikuwa rundo zima, kavu, zinawaka ajabu.

Isatu akaingia, akasimama. Akatoka nje kuitazama namba ya nyumba, akarudi.

"Mama, mbao ziko wapi?"

"Zile kuukuu? Nimezitoa, mwanangu. Ningekupokeaje kwenye uchakavu ule?"

"Nilikuambia usijisumbue."

"Si ndivyo wageni wote wasemavyo?"

Binti alikuwa ameuona moto. Akakimbia na gauni lake la kazini, akachomoa ubao mmoja chini ya sufuria ya maharage, akaupigapiga kwa kiatu mpaka ukazimika. Nusu ilikuwa mkaa. Kisha akamwambia Iyamide kwa sauti ndogo kwamba hakuna cha kuandika tena, kuta hizi ni za mwezi huu. Machozi yalimlengalenga, na hayo ndiyo yaliyomwumiza Iyamide kuliko maneno.

Bankole akavua kofia. "Dada, wallahi sikujua," akasema. "Hata mimi nilidhani umenishinda."

Iyamide akaketi kwenye kigoda. Alijuta, na alijuta vibaya. Cherehani alikuwa tayari kuisamehe. Asichoweza kujisamehe ni kuionea haya nyumba iliyomlea, nayo ilikuwa inatakiwa vilevile ilivyo. Angekuwa mvivu mwezi ule, au mchoyo, au hata mkosa adabu, leo angekuwa na kwao.

Moto ulikuwa unafifia. Hakuna ndugu aliyethubutu kuusogelea. Iyamide akainuka, akauchukua ule ubao polepole mikononi mwa Isatu.

"Maharage hayajaiva, mwanangu," akasema. "Na wenye nyumba wanasubiri."

Akausukuma tena chini ya sufuria.