Mama Akichambua Maharage

...na mkono usitikisike, amesema Luzia, ukitikisika tu maiki inaingia kwenye picha, basi nimeishika hii fimbo yake juu kama mlingoti wa bendera, hedifoni masikioni, mimi Oliva, na yeye Mbrazili amechuchumaa na kamera jikoni kwa mama yangu, hapa Maretadu, mama anachambua maharage, jiwe huku, haragwe kule, wala hasemi zima hilo dude, mimi ndiye huambiwa, miaka kumi na mbili napiga video za harusi na kipaimara Mbulu nzima, nikimwelekezea mama kamera anajifunika kitenge, zima hilo dude Oliva, lakini huyu, siku ya tatu tu, shikamoo yenyewe anaitamka kama anapiga chafya, mama anacheka, marahaba mwanangu... mwanangu! na mimi ni nani, jirani? nina wivu, ndiyo, niseme tu, unanichoma kuliko moshi wa kuni hizi, jana kwenye gari alinihadithia maisha yake, mtoto wa mfua nguo, alianza kwa kubeba nyaya za watu wa filamu, wanaume wakimtuma kahawa, akauza cherehani ya marehemu baba yake atengeneze filamu ya kwanza, ikapata tuzo, sasa ana filamu tisa, zote kuhusu mama za watu, nikamuuliza, na ya mama yako? akatazama dirishani mpaka tukapita soko, akasema, mama alifariki siku ninampiga picha mama wa mtu mwingine... na hata hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu, msiba wake unafaa filamu, mimi nina keki na bwana harusi anayetoka jasho, tabasamuni, tazameni huku, ndiyo kazi yangu, yeye hasemi tabasamu, anakaa kimya, anasubiri, mimi sijawahi kumsubiri mtu... "Maharage ya mwaka huu yana mawe," mama anasema, halafu anaingia Kiiraqw, hivihivi, bila kuinua macho, "Mgeni hasikii lugha yetu, afadhali. Sikukuzaa hospitali, nilikudanganya," nani, mimi? anasema na mimi? sauti yake iko ndani ya masikio yangu kabisa, "nilipata mimba bila mume, na msichana wa hivyo hakuruhusiwa kuzaa chini ya paa la baba yake, ni mkosi kwa nyumba nzima, nikashuka Yaeda Chini, nikakuzaa kwenye banda la mbuzi la watu, peke yangu, ulipolia nikakuziba mdomo wasisikie," jiwe huku, "kamera yako nikiiona naogopa ile aibu itakaa humo isitoke," haragwe kule, "leo nimeweza kwa sababu hunitazami, unasikiliza," mama, mama yangu, na mimi nilidhani hunipendi kama unavyompenda mgeni wa siku tatu... Luzia amegeuka, nyusi juu, amesema nini? taa nyekundu ya kinasa sauti bado inawaka, najibu kwa Kiingereza changu cha sekondari, anasema maharage ya mwaka huu yana mawe, si uongo, alisema, Luzia ananitazama sana, kisha anarudi kwenye kamera yake, anasubiri, anadhani mama bado hajasema kitu, filamu tisa anazo, hili la leo nimeambiwa mimi, jiwe huku, haragwe kule, mkono umekufa ganzi, siushushi...